Polisi wanakutuma kwa mwenye nyumba, mwenye nyumba anakutuma polisi: nani anawajibika kwa kero za mtaani Uingereza?

SWALI: Ninaishi na wanangu wawili katika jengo la shirika la nyumba, kwenye mji mmoja wa kati mwa Uingereza. Chini yetu anakaa mzee mmoja ambaye afya yake ya akili si nzuri. Tangu majira ya baridi yaliyopita kuna vijana waliofanya kwake kama kwao: muziki hadi alfajiri, harufu ya bangi ngazini, kukojoa langoni, kugonga milango ya watu usiku wa manane. Mara mbili wamenitukana kwa sababu ya hijabu yangu, na mwanangu wa miaka 14 wamemwahidi simu mpya "akiwasaidia". Nimepiga 101, namba ya polisi kwa mambo yasiyo ya dharura, mara nyingi. Polisi husema ni jambo la mwenye nyumba, mwenye nyumba husema ni jambo la polisi, na halmashauri hunijibu kuhusu kelele tu. Kaka yangu anataka kwenda kuwakabili, na majirani wananishauri nihame. Ni nani hasa anayewajibika, nitalindwaje nikitoa ushahidi, na nianzie wapi?

JIBU: Dada yangu, pole kwa madhila hayo. Kabla ya kufika kwenye suala la nani anawajibika, kuna jambo moja katika barua yako lisilopaswa kusubiri, nalo ni hiyo simu aliyoahidiwa mwanao. Watu wanaoiteka nyumba ya mtu dhaifu na kuifanya kituo cha dawa za kulevya huhitaji watoto wa kubeba mizigo na fedha, na zawadi ndogo ndiyo chambo chao cha kawaida. Leo ni simu, kesho ni viatu, kisha mtoto anaelezwa kwamba ana deni na hana budi kulilipa kwa kazi. Sheria inamtazama mtoto wa namna hiyo kama mtu anayenyonywa, na Sheria ya Utumwa wa Kisasa ya mwaka 2015 inampa hata utetezi mahakamani katika makosa kadhaa aliyoingizwa kwa kunyonywa huko. Zungumza na mwalimu anayehusika na ulinzi wa watoto shuleni kwake wiki hii hii, na uwaeleze polisi jambo hilo kama taarifa inayojitegemea, bila kulichanganya na habari za muziki. Najua familia zetu nyingi huogopa kuitaja idara ya ustawi wa watoto kwa kuhofia kwamba mtoto atachukuliwa. Kuomba msaada kwa ajili ya hatari iliyo nje ya nyumba yako si kukiri kwamba wewe ni mzazi mbaya, na kumbukumbu kwamba ulitoa taarifa mapema itakufaa iwapo, Mungu apishe mbali, kijana atakutwa siku moja na mzigo usio wake.

Sasa nije kwenye swali lako kuu. Wote watatu wanawajibika, na kila anayekusukuma kwa mwenzake anakueleza nusu ya ukweli. Sheria inayotawala mambo haya England na Wales ni ya mwaka 2014, nayo kwa jina lake kamili ni Anti-social Behaviour, Crime and Policing Act, yaani sheria ya kero za mtaani, jinai na polisi. Scotland ina sheria yake ya mwaka 2004, kwa hiyo jamaa zako wa Glasgow wasiyachukue haya kama yalivyo. Kifungu cha 2 cha hiyo sheria ya 2014 kinaitambua kero kwa sura tatu: mwenendo uliomletea mtu bughudha, hofu au dhiki, au unaoelekea kumletea, mwenendo unaoweza kumsumbua mtu katika makazi yake, na mwenendo unaoweza kuleta usumbufu unaogusa usimamizi wa nyumba za kupangisha. Yanayokupata yanaingia katika sura zote tatu. Polisi wana mamlaka juu ya vitisho, dawa za kulevya na matusi ya ubaguzi. Shirika la nyumba lina mkataba wa upangaji wa yule mzee, na linaweza kuiomba mahakama itoe zuio hata dhidi ya watu ambao si wapangaji wake. Halmashauri ina wajibu wa kuchunguza kelele zinazolalamikiwa chini ya Sheria ya Ulinzi wa Mazingira ya mwaka 1990. Zaidi ya hayo, tangu mwaka 1998 sheria inazitaka halmashauri na polisi, wakiungana na zimamoto, huduma za afya na idara ya uangalizi wa wahalifu, kuketi pamoja katika ushirikiano wa usalama wa jamii wa kila eneo. Afisa anayekuambia "hilo si letu" anasahau kwamba ofisi yake ina kiti katika ushirikiano huo.

Sisi tuliolelewa Afrika Mashariki tumezoea kwamba ugomvi wa mtaani una mtu wake. Ni mjumbe wa nyumba kumi, ni mzee wa mtaa au ni chifu; anaziita pande zote, anasikiliza, na neno lake lina uzito hata kama halikuandikwa popote. Huku hakuna mtu huyo, na waathirika wengi ninaokutana nao hupoteza miezi wakimtafuta. Kuna huduma za usuluhishi zinazotolewa na halmashauri na mashirika ya nyumba, na zinasaidia sana majirani waliogombea maegesho au kelele za watoto, lakini kwako sizishauri. Mtu hasuluhishwi na genge.

Kwa kuwa hakuna mtu mmoja anayeubeba mzigo wote, kero yako inakatwa vipande, na kila kipande kikiwa peke yake huonekana kidogo: muziki wa usiku mmoja, mlango uliogongwa na aliyegonga akakimbia, tusi ambalo hakuna mwingine aliyelisikia. Madhara ya hali hiyo yalionekana wazi Oktoba 2007. Fiona Pilkington, mama aliyeishi Barwell katika kaunti ya Leicestershire, alikatisha maisha yake na ya binti yake mlemavu, Francecca, baada ya familia yao kuandamwa na vijana wa mtaani kwa miaka mingi. Alikuwa amewaita polisi mara 33 katika kipindi cha takriban miaka 10. Uchunguzi wa vifo hivyo uliofanyika mwaka 2009 ulibainisha kwamba simu hizo zilishughulikiwa moja moja na hazikuunganishwa, na jopo la uchunguzi likasema kwamba polisi na halmashauri walichangia kwa kushindwa kupeana taarifa. Mengi ya yale nitakayokueleza hapa chini, yakiwamo maswali ya hatari anayoulizwa mwathirika siku hizi na haki ya kudai shauri lipitiwe upya, yalizaliwa au yalitiliwa mkazo kutokana na msiba huo.

Kwa hiyo pa kuanzia ni kuviunganisha vipande hivyo wewe mwenyewe, kwa sababu usipofanya hivyo huenda asiwepo mwingine wa kuvifanya faili moja. Chukua daftari, na kwa kila tukio uandike tarehe, saa lilipoanza na lilipokwisha, ulichokiona au kukisikia kwa hisi zako, nani mwingine alikuwepo, ulimwarifu nani, na namba ya taarifa uliyopewa. Halafu uandike jambo ambalo wengi huliacha: tukio hilo lilikufanya nini. Kama mtoto alishindwa kwenda shule, kama ulilala chumba kimoja na wanao kwa hofu, kama ulichelewa kazini kwa sababu walikuwa wamekaa ngazini, andika. Ukipiga 101, usikubali simu iishe bila namba ya kumbukumbu, na umwambie anayepokea kwamba kuna taarifa za awali, umtajie namba zake, na uombe ziunganishwe. Kama Kiingereza kinakuwa kizito wakati wa hofu, taja lugha yako na uombe mkalimani wa simu; huduma hiyo ipo na hailipishwi. Panapokuwa na tishio la papo hapo kwa mtu, namba ni 999, na usijione unawasumbua.

Baada ya hapo andika barua pepe moja, uitume kwa wakati mmoja kwa afisa makazi wa shirika lako, kwa timu ya usalama wa jamii ya halmashauri na kwa timu ya polisi ya mtaa wenu. Weka matukio yote kwa mpangilio wa tarehe pamoja na namba zake. Anayejua kwamba wenzake wawili wanaisoma barua ileile hawezi tena kukuelekeza kwao.

Polisi au shirika watakapoanza kulichukulia jambo kwa uzito, watakuuliza maswali ya kupima hatari: hutokea mara ngapi, linazidi au linapungua, unadhani unalengwa wewe binafsi, una watu wa kukusaidia, afya yako ikoje. Majibu hayo hugeuzwa kuwa alama, na alama ndizo zinazoamua kama utapewa afisa maalumu au utabaki katika foleni. Hapa adabu yetu inatuponza. Mswahili akiulizwa habari zake husema hajambo hata akiwa taabani, kisha anamshukuru Mungu, na mama mwenye heshima hapendi kumweleza mgeni kwamba hulia usiku au kwamba ameanza kumeza dawa za usingizi. Afisa asiyeujua utamaduni huo ataandika kwamba mwathirika "anamudu hali". Sikwambii uongeze chumvi. Nakwambia useme ukweli wote, pamoja na ule ambao nyumbani ungeusitiri. Barua ya daktari wako wa mtaa inayoeleza jinsi hali hii ilivyoathiri usingizi, shinikizo la damu au wasiwasi wako ina uzito mkubwa mbele ya ofisi hizi na mbele ya hakimu.

Ukiona wiki zinapita na hakuna kinachobadilika, kuna haki ambayo sheria ya 2014 imekupa na ambayo waathirika wengi hawaijui. Helen Newlove, alipokuwa Kamishna wa Waathirika, aliulalamikia ukosefu huo wa ufahamu katika ripoti yake ya mwaka 2019. Haki hiyo huitwa ASB Case Review, yaani mapitio ya shauri la kero, na zamani ikijulikana zaidi kama Community Trigger. Ukiiomba, halmashauri, polisi, taasisi ya afya ya eneo lako na mashirika ya nyumba yanayohusika wanalazimika kuketi pamoja, kupeana walichonacho kuhusu shauri lako na kuamua hatua za kuchukua. Kila eneo hujiwekea kiwango chake, lakini hakiruhusiwi kuwa kigumu kuliko taarifa tatu zilizotolewa ndani ya miezi sita. Kila taarifa iwe ilitolewa ndani ya mwezi mmoja tangu tukio lenyewe, na ombi lako lifike ndani ya miezi sita tangu taarifa hizo. Huhitaji wakili wala malipo. Fomu hupatikana kwenye tovuti ya halmashauri, na anaweza kukujazia ndugu, diwani au mbunge wako mradi umempa ridhaa. Wanapaswa kukujulisha kama ombi limefikia kiwango, matokeo ya mapitio ni yapi na mapendekezo gani yametolewa, na usiporidhika na namna walivyoliendesha kuna utaratibu wa kuomba litazamwe tena. Nikueleze na udhaifu wake pia: mapendekezo hayo hayana nguvu ya amri, taasisi zinatakiwa tu kuyazingatia. Hata hivyo, nimeona mashauri yaliyolala yakiamka siku ambayo ombi hilo linapokewa, kwa sababu kwa mara ya kwanza maafisa wanalazimika kuandika mbele ya wenzao nini walifanya na nini hawakufanya.

Katika ombi lako uwe na jambo mahususi la kudai, badala ya kuomba tu "wachukue hatua". Kwa hali uliyoieleza, hatua ninayoiona inafaa kuliko zote ni amri ya kufunga nyumba kwa sehemu. Polisi au halmashauri hutoa kwanza notisi ya kufunga, ambayo hudumu saa 24 na inaweza kufika 48, kisha shauri hupelekwa mbele ya mahakama ya mahakimu, ambayo inaweza kutoa amri ya hadi miezi mitatu, na ikirefushwa jumla isizidi miezi sita. Uzuri wa amri ya sehemu ni kwamba mzee anabaki kwake, na watu wengine wote isipokuwa waliotajwa, kama vile nesi wake au ndugu zake, hawaruhusiwi kuingia. Anayekiuka anatenda kosa la jinai na anaweza kukamatwa. Nimeona amri za namna hii zikileta utulivu ambao maonyo ya miezi kadhaa hayakuuleta.

Huyo mzee mwenyewe majirani humsahau, au humhesabu miongoni mwa wakosaji kwa kuwa mlango ni wake. Ukiripoti kero, unaomba afisa atumie mamlaka ambayo anaweza kuyatumia au kuyaacha. Ukiripoti kwamba kuna mtu mzima anayehitaji uangalizi, anayenyanyaswa nyumbani kwake na asiyeweza kujilinda, unagusa kifungu cha 42 cha Sheria ya Huduma za Uangalizi ya mwaka 2014, ambacho kinailazimisha halmashauri kufanya uchunguzi. Piga simu idara ya ustawi wa watu wazima ya halmashauri, utumie maneno hayo hayo, na namba utakayopewa uiingize katika barua yako. Ni haki kwake, na pia ni mlango mwingine wa kuingilia ofisi ileile iliyokuwa ikikujibu kuhusu kelele tu.

Mamlaka mengine nitayapitia kwa haraka. Inspekta wa polisi anaweza kuidhinisha, kwa muda usiozidi saa 48, kwamba askari wawaamuru watu waondoke katika eneo. Hiyo husaidia wikendi moja, haiondoi tatizo. Notisi ya kulinda jamii hutolewa kwa mtu mwenye umri wa miaka 16 au zaidi ambaye mwenendo wake unaendelea kuharibu maisha ya wenzake, baada ya kupewa onyo la maandishi. Zuio la mahakama laweza kuombwa dhidi ya mtu kuanzia umri wa miaka 10. Mtu mzima akilivunja anaweza kufungwa hadi miaka miwili, na mahakama inaweza kuliambatanisha na mamlaka ya kumkamata pale palipo na vurugu au vitisho. Aliyekwisha kutiwa hatiani kwa jinai anaweza kuwekewa amri nzito zaidi, ambayo adhabu ya kuivunja hufika miaka mitano. Kwa watoto waliokosea mara ya kwanza kuna mikataba ya hiari ya mwenendo mwema, iliyoanzia Islington, London, mwishoni mwa miaka ya 1990, nayo mzazi hutia saini pamoja na mtoto. Utasikia pia kuhusu amri mpya za heshima, za kuwazuia watu wazima wenye kero sugu, zilizopendekezwa katika muswada uliowasilishwa bungeni Februari 2025. Kwa maoni yangu sheria zilizopo zinatosha sana kwa shauri kama lako. Kinachopungua ni mtu wa kuzishika zote kwa mkono mmoja.

Matusi kuhusu hijabu yako usiyaweke katika fungu la kero. Hayo ni jinai ya chuki, na tangu mwaka 1998 sheria inaongeza adhabu kwa baadhi ya makosa, kama vile kutisha na kubughudhi, yanapotendwa kwa chuki ya rangi au asili ya mtu. Chuki ya dini iliongezwa baadaye. Tangu ripoti ya mwaka 1999 kuhusu kuuawa kwa Stephen Lawrence, kijana mweusi aliyeshambuliwa na wabaguzi London, kanuni ni kwamba tukio linaandikwa kuwa la kibaguzi ikiwa mwathirika au mtu mwingine yeyote ameliona hivyo, na askari hana ruhusa ya kukujibu kwamba "huenda walikuwa wanatania". Mwambie kwa maneno yaliyo wazi kwamba unaripoti jinai ya chuki, naye hana budi kuiandika hivyo. Kuandikwa kwake hakumtii mtu hatiani, lakini kunabadilisha kipaumbele cha faili, na kunakufungulia huduma za waathirika ambazo mtu wa kero tupu wakati mwingine hunyimwa kwa hoja kwamba hakuna jinai iliyotendeka.

Kuhusu kutoa ushahidi, hofu yako inaeleweka, na sheria imeizingatia. Zuio la mahakama ni shauri la madai. Kinachohitajika ni mahakama kuona kwamba mambo hayo yaelekea yalitokea kuliko kutotokea, tofauti na jinai inayodai uthibitisho usioacha shaka ya msingi. Kwa kuwa ni shauri la madai, ushahidi wa kuambiwa unakubalika: afisa makazi anaweza kusimama kizimbani na kueleza yale ambayo wapangaji watano, wasiotajwa majina, wamemweleza, naye hakimu ataamua ayape uzito gani. Ushahidi huo ni mwepesi kuliko wa mtu aliyesimama mwenyewe, ila wapangaji wengi wakisema jambo moja uzito wake hukua. Maafisa pia wanaweza kuja kushuhudia kwa macho yao, na mashine ya kurekodi kelele inaweza kuwekwa kwako. Ukiamua kusimama mwenyewe, unaweza kuombewa kizuizi kinachokutenga na washtakiwa, au kutoa ushahidi kwa njia ya video. Waulize kabla ya kutia saini maelezo yoyote: jina langu litaonekana wapi, na kwa nani? Tahadhari moja: kamera ya mlangoni ni ushahidi mzuri, lakini omba kwanza idhini ya shirika na uielekeze kwenye mlango wako tu. Oktoba 2021 mahakama ya madai ya Oxford iliamua kwamba mtu mmoja alikiuka sheria ya taarifa binafsi kwa kamera zilizonasa sauti na mienendo ya jirani yake.

Kaka yako mzuie, tena kwa msisitizo. Garry Newlove, mumewe Helen niliyemtaja, aliuawa mwaka 2007 huko Warrington, nje ya nyumba yake, alipotoka kuwakabili vijana aliodhani wameharibu gari la familia. Hata ambapo hakuna anayedhurika, ugomvi mmoja ngazini unatosha kuwapa vijana hao nafasi ya kwenda polisi kama walalamikaji, na faili lako ulilolijenga kwa shida linageuka kuwa "malalamiko ya pande mbili". Anayeogopa kutaja jina lake anaweza kutoa habari kwa Crimestoppers, shirika la hisani linalopokea taarifa za uhalifu, 0800 555 111, bila kujulikana, na hiyo ingekuwa kazi nzuri ya kuwapa majirani wanaokushauri kuhama: taarifa za watu kadhaa zina nguvu kuliko za mtu mmoja.

Msaada wako wewe mwenyewe hautegemei kesi kufika mahakamani. Victim Support, shirika la hisani la kuwasaidia waathirika, hupokea simu kwenye 0808 16 89 111, nao husikiliza, hukuandikia barua kwa ofisi na hukusindikiza mahakamani ukihitaji. Liombe shirika la nyumba likubadilishie kitasa, likuwekee mnyororo wa mlango na taa ya ngazini, maana hayo hayahitaji kusubiri hukumu ya mtu. Kama shirika linapuuza, wasilisha malalamiko rasmi badala ya barua nyingine ya kusihi: chini ya kanuni za Housing Ombudsman, msuluhishi huru wa malalamiko ya wapangaji, linatakiwa kujibu hatua ya kwanza ndani ya siku 10 za kazi baada ya kuyapokea rasmi na hatua ya pili ndani ya siku 20, kisha unaweza kulipeleka shauri kwa msuluhishi huyo bila malipo. Ikiwa anayepuuza ni halmashauri, kuna msuluhishi mwingine wa serikali za mitaa. Kama karatasi zako za ukaazi bado hazijatengemaa, onana na mshauri wa sheria ya uhamiaji au Citizens Advice, shirika linalotoa ushauri bila malipo, kabla ya kutoa maelezo marefu, ili ujue mapema habari zako zinaweza kufika wapi. Kwa mwenye ukaazi halali, kuripoti hakumpunguzii chochote.

Limebaki suala la kuhama. Ukiona usalama wa watoto haungoji, omba uhamisho wa dharura kwa maandishi, ukiambatanisha daftari lako na barua ya daktari. Usirudishe funguo wala kusitisha mkataba kabla ya kupata ushauri. Anayeacha nyumba kwa hiari yake anaweza kuhesabiwa kuwa amejitakia ukosefu wa makazi, na hapo halmashauri hupunguza sana wajibu wake kwake. Anayekimbia vurugu au vitisho vinavyoelekea kutimizwa yuko katika fungu jingine chini ya Sheria ya Makazi ya mwaka 1996, kwani nyumba hiyo haihesabiki tena kuwa mahali anapotarajiwa kuendelea kukaa, lakini lazima ushahidi uwepo kabla hujatoka. Piga simu Shelter, shirika la hisani la ushauri wa makazi, 0808 800 4444, uwasomee tarehe zilizomo kwenye daftari lako, nao watakueleza kama umefika hapo au bado.